Ufagio Wangu na Reli ya Masanja

Wenzangu, leo nimemkosesha mume wangu kazi kwa ufagio.

Mnaijua ile reli ndogo ya bati ambayo Masanja wangu amekuwa akiijenga uani tangu tuoane, na kitreni chake juu yake? Leo msimamizi wa karakana ya reli ya Tabora alikuwa anakuja kuitazama. Akiipenda, tunahamia Tabora wote wawili. Asipoipenda, Masanja anarudi mgodini Geita, nami nabaki hapa Shinyanga.

Sasa, bibi harusi gani anaacha uwanja mchafu siku ya mgeni?

Nikaamka alfajiri. Nikainua reli kipande kwa kipande, nikafagia kokoto zote chini yake, nikairudisha kwa mapenzi.

Mama mkwe akafurahi. "Mkwe wangu, uwanja unang'aa."

Masanja akaniuliza taratibu, "Mke wangu, kokoto zilizoishika reli ziko wapi?"

Mgeni alikwishapiga hodi.

Masanja akakiachia kitreni; kikafika kona ya kwanza, kikalala ubavu.

Msimamizi akavaa kofia yake. "Hapa kwenu ni pasafi sana, Masanja." Akaelekea stesheni.

Sasa hivi Masanja anakunja mashati yake. Amekuja jikoni mara moja tu, kuniuliza kama nimekula.

Niambieni, mume kama huyu unamuagaje?