Nilivyotumwa Luberizi Kuangalia Namna Wanavyogawana Maji

Kwetu Nguba, mjini Bukavu, chemchemi ilitugombanisha. Ufunguo wa robine, bomba lake, ulikuwa kwetu sisi wa juu mlimani. Tulichota, tukafua, na watu wa chini wakapata matone. Siku wamama wawili walipopigana kwa sababu ya bidoni moja ya maji, wazee wa avenue, mtaa wetu, walinituma Luberizi, ambako mashamba mengi ya mpunga yanakunywa mfereji mmoja. Shemeji yangu, Maman Nabintu, analima kule. Nilisoma kidogo tu. Bila shemeji huyo, pengine wangetuma mwingine.

Asubuhi niliondoka juu ya kamio, lori la kreti za bia. Kwenye mtelemko wa Ngomo njia ni nyembamba; tulisimama kwanza, tukangojea wanaopanda wapite. Halafu tukashuka. Nilifunga macho, sitadanganya.

Luberizi, mchana. Mpunga wa Maman Nabintu ulikuwa unageuka manjano, udongo umepasuka, na maji yanapita pembeni kabisa.

“Shemeji, fungua mfereji kidogo. Nani atakuona?”

Akacheka. “Ninyi watu wa Bukavu! Papa Kasigwa ataona. Shamba yake iko ya mwisho kule chini. Maji ikipunguka, yeye anakauka wa kwanza. Ndiyo maana tulimupatia ulinzi wa maji.”

“Na akijipendelea?”

“Maji yake inapita kwetu wote. Tutakosa kuiona namna gani?”

Jioni nilishuka kumwomba mzee huyo.

“Citoyen, ndugu yangu, leo iko zamu ya chini,” alisema. “Shemeji yako, kesho.”

“Mpunga wake unakufa, Papa.”

“Wangu pia ulikuwa unakufa jana. Na maji yenye inabakia inaingia mto Ruzizi. Ng'ambo, kule Burundi, nao wanalima. Sasa nimufungie nani?”

Niseme haki: jirani mmoja wa kule aliniambia Papa Kasigwa ni kichwa ngumu na hufungua kwa kuchelewa siku ya misa. Hilo sikuliona.

Kesho yake maji yaliingia kwa Maman Nabintu. Kona moja ya mpunga haikuamka tena.

“Ile iko ya kuku,” alisema, akashika jembe.

Niliporudi Nguba niliwaambia wazee: ufunguo tumpe Maman Cikuru, nyumba ya mwisho kule chini, karibu na ziwa.

“Walikuroga kule?” jirani yangu aliuliza. “Si wewe mwenyewe uko wa juu?”

Nikamwambia najua. Wazee walibishana sana, wakakubali.

Nilichojifunza ni hicho tu: anayefikiwa na maji mwisho ndiye alinde ufunguo. Juma la kwanza mke wangu alingoja zamu yake mbele ya robine, amenuna. Lakini alirudi na bidoni zimejaa, na chini pia walipika.