Jina Alilolikwangua Papa Hippolyte

Constance alikata kitambaa kabla gitaa halijapimwa. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuwa na mtu wa kugawana naye.

Kilikuwa kitambaa cha buluu cha sare za shule, sare thelathini na mbili. Mama Léonie, mkuu wa shule ya mlimani, alimkabidhi kikiwa kimeviringishwa kwenye ubao, akauliza mara moja tu: "Mashini ya kushona unayo?" Constance, mtoto wake Adalbert akiwa amelala mgongoni, akajibu, "Ninayo, Mama." Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku tisa. Sare zikifika kwa wakati, tena nzuri, kazi ya kushonea shule ile ingekuwa yake mwaka hadi mwaka. Zisipofika, kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kizima, na pale mlimani angejulikana kama mwanamke wa uongo.

Mashini hakuwa nayo. Alikuwa na baba, na baba alikuwa na gitaa.

Mume wake alipanda treni ya Nyunzu kwenda kutafuta kazi wakati Adalbert hajaota jino hata moja. Sasa Adalbert alikuwa anauma ziwa, na barua haijafika. Ndiyo maana Constance alirudi Kataki, mtaa wa Kalemie, kwa baba yake, Papa Hippolyte, fundi wa zamani wa ateliye, karakana ya reli. Watu wenye umri wanamkumbuka. Jumapili alivaa suruali nyeupe, akapiga gitaa la umeme katika orkestra ya wafanyakazi wa reli, na wanawake wa bandarini waliacha samaki wao juani wakaja kusikiliza. Sasa orkestra haipo, ateliye haimtaki tena, na suruali nyeupe Constance aliikata mwaka jana akatengeneza nepi.

Gitaa lilibaki ukutani. Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka karibu na stesheni alimpa Hippolyte gitaa lile kwa malipo ya kazi, miezi saba ya kutengeneza jenereta. Lilikuwa la Amerika, la kweli kabisa. Kichwani lilikuwa na jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu zilizolala, na nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, kulikuwa na bamba la chuma lenye namba.

Halafu ukafika ule mwaka serikali iliposema majina ya Ulaya yaachwe. Kila mtu akatafuta jina la babu. Hippolyte akawa Kisimba kwenye karatasi za biro, yaani za ofisi, akabaki Hippolyte nyumbani, kwa sauti ya chini. Jumamosi moja orkestra ilikuwa inafanya mazoezi, maana mkubwa fulani alikuwa anakuja na wangempigia. Mpiga ngoma aliitwa Florent. Huyu alikuwa mtani wa Hippolyte. Koo zao zinataniana tangu mababu, kiasi kwamba hata msibani mmoja anaweza kumnyang'anya mwingine kofia na kukalia kiti cha marehemu, na hakuna wa kukasirika. Florent akanyoosha fimbo ya ngoma kuelekea gitaa.

"Sisi wote tumebadilisha majina," alisema, "lakini huyu bibi yako wa mbao bado anaitwa Kizungu! Watamufunga, na wewe bwana yake watakufunga naye."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Hippolyte naye alicheka. Alipofika nyumbani hakula.

Kule ateliye fundi mmoja alikuwa ameitwa biro kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye sanduku lake la vyombo. Alirudi siku ya nne, na hakusema aliulizwa nini. Basi kesho yake, baada ya misa, Hippolyte alimkalisha Constance kwenye kigoda. Msichana alikuwa na miaka tisa. Baba akamwambia ashike mwili wa gitaa kwa nguvu, lisitikisike. Akakwangua jina kichwani kwa kisu. Akapiga tupa kwenye bamba mpaka namba zote zikaisha. Unga wa dhahabu ulianguka kwenye sketi ya Constance, naye akaona ni kitu kizuri, akaukusanya kwa kidole. Kisha baba akapaka gitaa zima rangi ya kijani ya mashua, na kichwani akaandika kwa rangi nyekundu jina jipya: LUKUGA, kama mto wetu.

Hakuna mtu aliyemwomba kufanya hivyo. Mkubwa alikuja, akasikiliza nyimbo mbili, akaenda kula. Gitaa hakulitazama.

Miaka kumi na mitatu ilipita. Kila kilichokufa katika gitaa, Hippolyte alikifufua kwa alichokuwa nacho. Alipokosa vigeuzi vya kukazia nyuzi, alichonga vingine kwa shaba ya ateliye. Mikro moja ilipoungua, ile inayokamata sauti chini ya nyuzi, alizungusha waya wa telefoni akaiweka mpya. Lilipiga. Lilipiga vizuri.

Papa Casimir, Mbembe wa kaskazini anayefanya biashara kati ya Kalemie na Kigoma, aliliona ukutani mwezi wa saba. "Ng'ambo ya ziwa kuna orkestra inatafuta gitaa la Amerika," alisema. "Mimi nina mashini ya kushona, ya kukanyaga kwa miguu. Kama gitaa ni la kweli, tunabadilishana, kichwa kwa kichwa."

"Ni la kweli, hakuna shaka," alisema Hippolyte. Kwa neno hilo Constance alikwenda mlimani, na kwa neno hilo, siku mbili kabla Casimir hajarudi, alishika mkasi.

Casimir alikuja Jumamosi asubuhi, nyuma ya pusupusu, mkokoteni uliobeba mashini, na pamoja naye alikuja Florent, nywele zimekuwa nyeupe. Kazi yake sasa ilikuwa kupima vyombo vya muziki kwa ajili ya wafanyabiashara wasiojua.

Hippolyte alipomwona alipiga makofi. "Kumbe mupimaji njo wewe? Basi imekwisha! Constance mama, funga gitaa ndani ya kitenge, linasafiri."

"Bado hujakufa?" alisema Florent. "Nilikuja na nguo za matanga."

"Zivae wewe, utazikwa nazo."

Walikumbatiana. Casimir alishusha mashini chini ya mwembe wa jirani, akafuta vumbi kwenye gurudumu. "Mama Adalbert, jaribu. Usinunue mbuzi ndani ya gunia."

Constance alimpakata mtoto, akaona haiwezekani, akamweka kwenye mkeka. Alichukua kola moja kutoka kwenye rundo la buluu. Akakanyaga. Sindano ilishuka na kupanda, na kola ikatoka upande wa pili na mstari ulionyooka kama reli. Hakuwahi kushona mstari kama ule. Aliushika kwa kidole gumba, akarudia, akaushika tena. Masikio yake yalikuwa kwa wanaume.

Florent alianza kwa kupima uzito wa gitaa mikononi. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Akaitazama shingo kwa jicho moja, kama mtu anayetazama bunduki. Akakwaruza rangi kidogo kwa wembe, pale ambapo haionekani.

"Rangi?"

"Ya mashua. Nilipaka mimi."

"Vigeuzi?"

"Shaba ya ateliye. Nilichonga mimi."

Florent alitoa turnevisi, bisbisi yake, akafungua kifuniko. "Na hii mikro?"

"Moja ni yake ya kuzaliwa. Ya pili niliizungusha mimi."

"Papa," Casimir akaingilia, "hii gitaa ulipewa na Mgiriki ama ulizaa mwenyewe?"

Wakacheka, hata Constance. Lakini Florent hakucheka sana. Alikuwa amefika kwenye bamba la chuma. Alipitisha kidole pale palipokuwa na namba, akakiacha hapo.

"Mbao ninaijua," alisema mwishoni. "Uzito ni wenyewe. Shingo ni yenyewe. Mimi ninaamini hili ni gitaa la Amerika. Lakini kuamini kwangu hakuvuki ziwa. Jina hakuna, namba hakuna, na nusu ya matumbo yake yametoka Kalemie."

"Mwaka jana nilipeleka lingine ng'ambo," Casimir alisema, sasa bila utani. "Walilifungua mbele ya watu, wakanicheka mpaka nikakosa pa kutazama. Walisema nimewaletea sanduku. Sirudii hiyo, Papa. Nionyesheni kitu kimoja tu, nami naacha mashini hapa hapa."

Mguu wa Constance ulisimama kwenye kanyagio.

"Kiko kimoja," Florent alisema. "Katika kiwanda kile, mwenye kuchonga shingo huandika tarehe kwa kalamu ya risasi ndani kabisa, mahali shingo inapolala. Lazima kufungua. Pale hakuna mtu anayefika."

Uso wa Hippolyte ukarudi ujana. "Fungua! Fungua, mtani!"

Zilikuwa visi nne, skrubu zinazoshika shingo. Tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuwa na kutu, ikalia, ikatoka na unga wa mbao kwenye meno yake. Florent aliinua shingo, akaigeuza kwenye mwanga. Akaigeuza tena. Kisha akatazama ndani ya shimo la mwili, na Constance akainuka bila kujua kwamba ameinuka.

"Kaka," Florent alisema polepole. "Humu pia ulikwangua?"

Hippolyte aliinama. Mbao mle ndani ilikuwa nyeupe, na alama za kisu zilionekana zikienda huku na huku, kama za mtu mwenye haraka. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake mwenyewe ambao Constance angeutambua popote, palikuwa pameandikwa: *Lukuga, mali ya Kisimba, 1972.*

"Humu pia?" Hippolyte aliuliza, kama gitaa ni la mtu mwingine. "Nilifungua humu?"

Hakukumbuka. Constance naye hakuwapo. Yeye alishika gitaa mchana, akatumwa maji. Kumbe baba alibaki peke yake na turnevisi, akitafuta kila mahali jina linapoweza kujificha.

"Nani angefungua humu kutafuta jina, Hippolyte? Nani?"

"Wewe ulisema watanifunga."

Florent alifungua mdomo. "Nilikutania," alisema. "Mimi mtani wako! Nilikutania mbele ya watu wote, na wewe ulicheka!"

"Nilicheka, ndiyo. Mtani hakasirikiwi."

Florent alikaa chini kwenye mchanga na shingo ya gitaa mapajani. Hakusema tena neno la utani siku ile, wala la matanga wala la kufa.

Casimir hakuwa mtu mbaya. Akakohoa. "Mimi sikuiti mwongo, Papa. Kama gitaa la kienyeji, ninaweza kutoa mufuko mmoja wa sukari na vitenge viwili. Uza sukari, mtoto ale."

Hippolyte alitazama mashini, kisha rundo la buluu, kisha binti yake.

"Hiyo haishoni," alisema.

Constance alitaka kusema chukua, baba, chukua hata sukari. Lakini aliona mikono ya baba yake, namna ilivyoning'inia, akashindwa kuiongezea mzigo. Casimir alikuja kuchukua mashini. Kola ilikuwa bado imefungwa na uzi chini ya sindano. Constance aliinama, akakata uzi kwa meno, akasogea. Pusupusu ikashuka kuelekea bandarini, gurudumu la mashini likizunguka lenyewe kila lilipogonga jiwe.

Florent alijaribu kurudisha shingo. Visi tatu zilikaza. Ya nne ilizunguka tu bila kushika, kwa sababu shimo lake lilikuwa limekwisha kulika. Alivuta uzi mmoja, na sauti ikatoka imepinda.

"Tutie kijiti cha kiberiti ndani ya shimo," alisema. "Itashika."

"Acha," alisema Hippolyte.

Baada ya Florent kuondoka, Constance alinyonyesha. Adalbert aliuma, naye hakumwondoa. Kisha alileta mkeka uani, akahesabu vipande, akajua hata kama asingelala angefikisha labda sare kumi na moja kwa mkono, na zile kumi na moja zingeonekana ni za mkono. Mama Léonie angegeuza pindo la kwanza tu, akamtazama usoni.

Baba yake alikuja akakaa karibu. Alichukua sindano na uzi, akataka kumsaidia kuutunga. Alilamba ncha, akalenga, akakosa. Akalamba tena. Yeye aliyemaliza namba zote kwa tupa, asiache hata moja, sasa hakuliona tundu la sindano. Constance alimwachia ajaribu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa afanye.

Yeye alichukua ile kola moja ya mashini. Kati ya sare zote, hiyo ingezifedhehesha nyingine. Akaingiza ncha ya wembe chini ya mshono wa kwanza, akakata, kisha wa pili, akauvuta ule mstari ulionyooka mpaka wote ukatoka.