Seng'enge ya Kitengela Yafika Wasini

Tulihama Kitengela kwa sababu ya kifua cha mtoto wangu Mwende. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wa mtaa wetu walikuwa na sababu zao: wengine walisema mume wangu ameoa mke wa pili Pwani, wengine walisema tumekimbia kesi ya ploti. Ukweli ni kwamba Mwende alikuwa na miaka sita na alikuwa na pumu. Kila kiangazi upepo ulipoinua vumbi la barabara na la mijengo, kifua chake kilianza kupiga filimbi, nami nikaanza kutafuta gari la kutupeleka kliniki. Daktari mmoja aliniambia, "Mama, kama muko na mahali pengine pa kukaa, jaribuni. Hewa ya bahari imesaidia watoto wengine." Hakuapa, alisema wengine tu, lakini mimi nilishika hilo neno kwa mikono miwili.

Bahati nzuri mume wangu Musyoka, ambaye ni fundi wa mawe, alikuwa ameshapata kazi ya kujenga matangi ya maji ya mvua katika kisiwa cha Wasini, kule Kwale. Tulikubaliana tujaribu miezi mitatu. Kifua kikitulia, tutakaa. Kisipotulia, tutarudi nyumbani na kuendelea kupambana. Yeye alitangulia, mimi nikabaki kufunga mizigo.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, lori lilisimama mlangoni petu. Dereva alikuwa Parsimei, Mmaasai wa hapohapo Kitengela, jirani wa miaka mingi. Alikuwa anakwenda Rombo kupakia vitunguu vya kupeleka Mombasa, akakubali kutubeba pamoja na vyombo vyetu. Alipakia kitanda, sofa, sufuria. Alipofika kwenye roli la seng'enge alisimama akaniangalia.

"Mama Mwende, hii ni ya nini?"

"Ya ua. Sijui huko kama iko."

Alicheka mpaka akaegemea lori. "Nyinyi watu wa ploti! Mlifunga njia ya ng'ombe zetu, sasa mnaenda kufunga njia ya samaki?"

Nilicheka pia, lakini seng'enge ilipakiwa. Wasomaji wa Kitengela watanielewa. Kwetu ukinunua ploti leo na usiizungushie waya, wiki ijayo utakuta mtu mwingine anachimba msingi na ana karatasi zenye mihuri mingi kuliko zako. Kwanza unaweka ua, halafu choo, halafu ndiyo unafikiria nyumba. Mimi nilikuwa najiona mwerevu sana.

Kutoka Athi River hadi Emali ilikuwa lami, tukaenda vizuri. Pale Emali tulikata kuelekea Loitokitok, na kwa kuwa barabara ilikuwa inatengenezwa, lami ikaisha. Niliinua vioo, nikalowesha leso na kumfunika Mwende puani. Kila lori lilipotupita, Parsimei alikuwa anasimama kando na kungoja vumbi lote litulie kabla ya kuendelea. Hakuna aliyemwomba. Tulichelewa saa mbili nzima kwa ajili hiyo, na alipoulizwa na wenzake njiani kwa nini anatembea kama bibi harusi, alijibu, "Niko na abiria." Yule mtu nitamshukuru mpaka nizeeke.

Jioni tulifika Entarara kwa shangazi yangu Kalunde, ambaye analima mahindi na maharagwe chini ya mlima. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hivyo ni kweli unapeleka huyu mtoto akaishi kwa maji?"

"Ni kisiwa, shangazi. Kuko na ardhi."

"Na utamlisha nini? Samaki asubuhi, samaki jioni?"

Nilimwambia samaki si sumu. Hakuridhika. Asubuhi nilikuta ameshapakia debe mbili za muthokoi, yale mahindi yetu Wakamba yaliyotwangwa yakatolewa maganda, na gunia la maharagwe ya kuchanganya nayo. Alimshika Mwende mashavu akamwombea maombi marefu mpaka Parsimei akaanza kupasha injini moto.

Jumanne tulipakia vitunguu Rombo, magunia juu ya magunia, mpaka sofa langu likapotea kabisa. Parsimei alisalimiana kwa Kimaasai na kila mzee wa pale, "Sopa!" huku, "Epa!" kule, na kila mmoja aliambiwa habari ya seng'enge. Tukapita Taveta, tukalala Voi. Mwende alikohoa njia yote, lakini hakuzidiwa. Godoro letu lilinuka vitunguu mwezi mzima baadaye.

Jumatano tulishusha vitunguu Mombasa, tukavuka feri ya Likoni, na kufika Shimoni jua likiwa limeinama. Hapo barabara inaishia baharini. Tulilala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, na Alhamisi asubuhi Musyoka alikuja na boti ya injini kutuchukua. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo vitu vilibebwa kichwani na vijana wanne waliotembea ndani ya maji mpaka magotini. Sofa liliwekwa katikati ya boti, Mwende akaketi juu yake miguu ikining'inia, akawapungia mkono watu wa Shimoni kama mke wa chifu. Parsimei alibaki ufukweni. Sauti yake ya mwisho niliyoisikia ni, "Na usisahau kufungia samaki!"

Wasini ni jiwe. Hilo ndilo la kwanza la kulijua. Kisiwa chote ni matumbawe ya zamani, meusi na makali, hakuna mto wala chemchemi, na hakuna gari hata moja. Watu wanakunywa maji ya mvua yanayohifadhiwa katika jabia, tangi kubwa la mawe lililojengwa ardhini. Nyumba tuliyopangishwa ilikuwa ya Bi Mwanahamisi, mama mtu mzima aliyeishi nyumba ya pili. Alitupokea na madafu na wali wa nazi, akamshika Mwende mkono, akamwuliza jina, akalitamka mara tatu ili lisimpotee.

"Ana kifua?" aliniuliza.

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana tumekuja."

"Haya. Mwenyezi Mungu atamponya. Hapa upepo haulali."

Nilipenda kila kitu, isipokuwa jambo moja. Watu walikuwa wanapita uani kwetu. Wanawake wenye ndoo, watoto wa madrasa, mzee na mbuzi wake. Walipita mlangoni kabisa, wakatoa salamu, wakauliza tumeamkaje, wakachungulia sufuria. Siku ya tatu nikamwambia Musyoka atoe seng'enge.

"Mama Mwende, nani ataiba nini hapa? Mahali pa kukimbilia hakuna."

"Watu wanapita kwa ploti yetu."

"Si yetu. Tumepanga."

"Ndiyo maana tuichunge."

Maskini Musyoka alitumia siku mbili kutoboa lile jiwe kwa mtaimbo ili kusimamisha nguzo. Bi Mwanahamisi alikuja siku ya kwanza akatazama kwa muda.

"Hiyo ni ya fisi, mwanangu? Huku hatuna fisi."

"Ni ya usalama tu, bibi."

"Haya. Mungu awape usalama."

Akaenda zake. Mimi nilidhani tumeelewana. Nikaweka na geti dogo, nikalitia kufuli.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tulivu mno. Hakuna aliyepita, hakuna aliyechungulia sufuria. Nilipokutana na wanawake kwenye jabia walinisalimu kwa adabu zote, halafu wakaendelea na mazungumzo yao. Niliona wanazunguka mbali, kwenye matumbawe makali, ndoo kichwani, lakini nilijiambia wamezoea. Kifua cha Mwende kilikuwa kizuri. Kila siku niliyoihesabu bila pumu niliiona kama ushindi wangu mimi na ua wangu.

Ijumaa moja mchana niliamua kupika isyo, ule muthokoi wa shangazi pamoja na maharagwe. Ni chakula cha saa nyingi, na kuni nilizokuwa nazo zilikuwa zimenyeshewa. Moshi ulijaa jikoni. Musyoka alikuwa kazini upande wa pili wa kisiwa. Maji ya sufuria yalipokauka nilichukua ndoo nikaenda jabia. Mwende alikuwa amelala chumbani, nikafunga geti kwa kufuli, kama nilivyokuwa nafanya Kitengela nikienda dukani. Mtoto akiwa ndani na geti limefungwa, moyo wangu unatulia. Ndivyo nilivyozoea.

Nilichelewa. Kulikuwa na foleni, halafu kamba ya ndoo ilikatika. Niliporudi, niliona kipande cha leso kikipepea kwenye waya, na chini yake matone ya damu juu ya jiwe. Niliangusha ndoo.

Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi uani upande wa upepo, Mwende amemwegemea kifuani wima, pampu yake ya kuvuta dawa mkononi. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa shida, midomo imepauka, lakini alikuwa anavuta. Bi Mwanahamisi alikuwa anamhesabia pole pole, moja, mbili, tatu, kana kwamba ana siku nzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanika kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja. Alikuwa amesikia kikohozi akiwa nyumbani kwake, akaja kwa njia aliyoijua, akakuta geti lina kufuli. Mama wa umri ule alipita chini ya seng'enge kwa tumbo. Ndani alikuta moshi na mtoto aliyekuwa anamwonyesha kwa kidole ile pampu ya bluu juu ya kabati.

Nilipiga magoti, nikalia kama mtoto. Aliningojea nimalize.

"Bibi, kwa nini hamkuniambia? Kwamba hii ni njia yenu?"

"Nilikuuliza kama ni ya fisi."

"Lakini hamkunikataza."

"Mgeni hakatazwi, mwanangu. Mgeni huachwa aone mwenyewe." Halafu akanitazama usoni, na nadhani alitaka kucheka. "Nawe umechelewa kuona."

Nilimfunga mkono kwa leso yangu. Nikamkumbuka Parsimei na ng'ombe zake, na kwa mara ya kwanza ule utani haukunichekesha. Halafu nikachukua koleo ya Musyoka nikakata waya, nguzo hadi nguzo, peke yangu, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanawake wa jabia walikuja kutazama. Nilipofika nguzo ya mwisho, mmoja wao aliweka ndoo chini akaja kunishikia ncha ya waya isinirukie usoni. Jioni watoto wa madrasa walipita mlangoni kwetu wakipiga kelele kama zamani, na mzee wa mbuzi akachungulia sufuria akauliza hayo mahindi yamekosa nini mpaka yakapikwa kutwa nzima. Nilimpakulia bakuli. Alikula, akasema yanajaza.

Desemba miezi mitatu ilipotimia tulipanda basi kurudi Kitengela kuamua. Dada yangu, tuliyemwachia nyumba, alitupokea kwa nyama choma, na majirani wakaja kuhakikisha kwamba mke wa pili hayupo. Siku ya tatu upepo uliamka, na ile filimbi ikarudi kifuani kwa Mwende. Daktari yuleyule alimsikiliza, akamwekea dawa, akaniuliza tulikotoka alikuwa anaumwa mara ngapi. Nilimwambia mara moja, na ile mara moja kosa lilikuwa langu. Alifunga faili. "Basi mama, unaniuliza nini tena?" Kesho yake tulimpa dada yangu funguo zote.

Wengi mmeniandikia kuniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba nilikwenda kutafuta hewa, nikasahau kwamba hewa peke yake haimbebi mtoto nje moshi ukijaa. Anambeba mtu, na huyo mtu lazima awe na njia ya kufika kwako. Hilo lilinigharimu roli moja la seng'enge, na lingeweza kunigharimu mtoto. Sijisifu kwa lolote hapo.

Tulifika tena Wasini Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Boti haijafungwa vizuri, Mwende alishamwona Bi Mwanahamisi juu kule kwenye vidato, zile ngazi za mawe zinazopanda kutoka ufukweni, akaruka chini akaanza kukimbia. Alikuwa amevaa viatu vipya vya Krismasi. Tangu aanze kutembea, neno nililomwambia huyu mtoto kuliko jina lake ni "pole pole": pole pole shuleni, pole pole kanisani, pole pole na wenzako. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulisema. Nikaufunga. Nilisimama kwenye maji, mizigo mkononi, nikamtazama akipanda vidato vyote bila kusimama, mpaka juu, na kutoka huko juu nikamsikia anacheka kwa pumzi nzima.