Filta Mpya ya Mama Syombua

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Mukuyuni nilifika na digrii ya uhandisi na shati jeupe. Fundi Mkuu alilitazama shati kwanza, kisha akanipa plagi iliyotoka kwenye injini, bado ina joto.

"Soma," akasema.

"Haina maandishi, Fundi."

Waliokuwa karibu walicheka, mmoja akasema, "Tumeletewa mtu wa chuo kikuu na hajui kusoma."

Kusoma plagi ni kutazama rangi ya ncha yake baada ya kazi. Ikiwa hudhurungi, hewa na petroli zimepatana. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua bila kulalamika. Niliuliza nani amethibitisha hayo. Fundi Mkuu, mtu mpole sana, alinijibu maswali matatu kwa siku na kuniomba mengine yangoje kesho.

Mwaka wa pili nilihamishiwa tawi la Matinyani, chini ya Msimamizi, mwanamke aliyeweza kufungua kabureta, kichanganyio cha hewa na petroli, huku akinywa uji. Wateja wetu wengi walibeba maji kwa pikipiki, mitungi sita kwa safari, kutoka mtoni hadi sokoni juu ya mlima. Kwa hiyo Msimamizi alikuwa na sheria yake: pikipiki ikiguswa kabureta haitoki mpaka ipande ule mlima na mitungi sita iliyojaa. Ukifika juu unazima injini papo hapo na kusoma plagi hukohuko. Mimi niliona ni desturi tu, kama kugonga tairi kwa mguu.

Asubuhi moja Msimamizi alikwenda Kitui mjini kutafuta vipuri. Akaja Mama Syombua na filta mpya ya hewa, ya koni, ile isiyokaa ndani ya sanduku, aliyoinunua Makindu.

"Wanasema inaongeza nguvu," akasema. "Nikiiweka, ni lazima injini nayo irekebishwe?"

"Kidogo tu, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Juma hilo alikuwa amepewa kazi ya kupeleka maji shuleni, kazi aliyoingojea muda mrefu. Akikosa asubuhi moja, angepewa mwingine. Nilitoa sanduku, nikafunga koni, nikazungusha skrubu ya hewa mpaka injini ikanguruma vizuri pale iliposimama. Skrubu hiyo hutawala injini ikiwa imetulia. Ukivuta mafuta mlimani, anayetawala ni jeti kubwa, kitundu kinachopitisha petroli. Nililijua hilo vizuri, nilikuwa nimelifanyia mtihani. Lakini hewa niliyoongeza niliiona ndogo, na mitungi sikuipakia.

Injini ilishika, pistoni ikakwama, katika safari ya tatu, katikati ya mlima. Niliitwa, nikamkuta ameketi kando ya pikipiki, mitungi ameipanga vizuri ukingoni. Nilitarajia matusi.

"Fundi," akaniuliza taratibu, "ni mimi nimeibebesha sana?"

Msimamizi alikuwa amerudi na kunifuata. Alisimama nyuma yangu. Nilifungua plagi, ikawa nyeupe kama chaki.

"Hapana, mwaitu," nikasema. "Ni mimi. Niliongeza hewa, petroli sikuongeza."

"Umemaliza?" Msimamizi akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi chukua pikipiki yangu upakie hiyo mitungi. Shule inangoja."

Kwa siku nne, silinda ikichongwa upya na kutiwa pistoni mpya, mimi ndiye niliyepeleka maji shuleni, Mama Syombua akiwa nyuma yangu, akinionyesha mashimo ya barabarani. Mpishi wa shule alifurahi sana. "Siku hizi tunaletewa maji na injinia," akasema. "Mwakani tutaletewa na daktari." Kazi ilibaki ya Mama Syombua.

Pikipiki ilipokuwa tayari tulitia jeti kubwa zaidi, tukapandisha sindano ya kabureta hatua moja, tukapanda mlima na mitungi sita. Plagi ikatoka hudhurungi.

"Nguvu imeongezeka?" Mama Syombua akauliza.

"Kidogo."

"Na vumbi?"

"Koni iko wazi. Utaiosha na kuipaka mafuta yake kila juma, la sivyo vumbi litakula silinda."

Alifikiria. "Nirudishie sanduku langu."

Nikarudisha sanduku, na jeti ya zamani nayo, kwa sababu ukipunguza hewa lazima upunguze petroli.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Makindu, ambako pikipiki za umeme zimeanza kuingia, zisizo na filta wala kabureta. Nimeweka spana chini nikiwa na miaka thelathini na minne, mstaafu wa aina yake, na sasa nafundisha chuo cha ufundi. Wanafunzi huniuliza kama kubadilisha filta kunahitaji kurekebisha injini. Nawaambia: filta safi ya aina ileile ndani ya sanduku lake, hapana. Ukitoa sanduku, ndiyo, na upande mlima ukiwa na mzigo. Wanaandika.

Lipo moja ambalo sijawaambia. Mama Syombua aliponiuliza kama aliibebesha sana, nilikaa kimya kidogo kabla ya kufungua plagi. Baadaye aliwaambia watu kwamba nilikuwa namhurumia. Katika kimya kile nilikuwa natafuta namna ya kumjibu ndiyo.