Kaburi la Kiwanja cha Mulongwe

Zamani kile kiwanja chetu cha Mulongwe kilikuwa jalala, tukipita tunaziba pua. Ofisi ya meya ilipotuma watu kuchimba mtaro wa maji ya mvua, wakakuta vigae vya vyungu vya kale, kisha mifupa ya mtu. Mtaro ukasimama. Mji ukaleta mama mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, naye akatuchukua sisi wakaaji tuchimbe pamoja naye, polepole, kwa miiko na brashi.

Kaburi lilizua maneno. Mzee mmoja Mwislamu, ambaye babu zake walivuka ziwa na biashara, alisema, "Huyu ni wetu. Amelazwa ubavu, uso kwa kibla."

Jirani yangu, mkulima wa mpunga aliyetoka Bwegera, kijiji cha bonde hili hili, alikataa. "Hapana, mzee. Hapa iko udongo ya babu zetu. Na pembeni yake si jembe hiyo?"

Wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa viwanja vyao. Mtaalamu akawasikiliza, akasema, "Mifupa haiwezi kuniambia alisali wapi. Muamue nyinyi namna ya kumuheshimu."

Tukamfunika kwa udongo pale pale, ndani ya shimo. Mzee alisoma Fatiha, jirani akaongoza Baba Yetu. Mji ukajenga paa juu ya shimo, ukaweka mabenchi na vyungu vilivyounganishwa kutokana na vile vigae. Jioni watu walijaa. Wale wawili walikaa benchi moja, wakibishana bila hasira marehemu alikuwa nani.

Kisha mvua ikazidi, mto unaopita hapo karibu ukavunja kingo na kubeba nyumba, ya jirani pia. Waliofikwa na maafa hawakuwa na pa kulala. Mji ukaamua kuondoa paa na mabenchi, kujaza shimo changarawe na kusimamisha mahema juu yake. Nilibeba changarawe mimi mwenyewe. Dada yangu na watoto wake walikuwa wakilala barazani kwa watu, ningepinga nini? Lakini mikono ilikuwa mizito.

Jirani alihamia mbali, Kamanyola, kwa ndugu zake. Mtaalamu aliondoka, vyungu vikafungiwa stoo. Mahema yalipotolewa, hakuna aliyerudisha mabenchi.

Juzi nilikutana na mzee njiani.

"Yule mubishi wangu iko wapi?" akauliza.

"Kamanyola, mzee. Sina habari zake."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa bado na neno la kumwambia."