Gari la jua tulilofikisha Idete bila Desderi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nasoma uhandisi Dar. Mimi na rafiki yangu Desderi, mtoto wa kijiji cha Idete, tuliunda gari la sola.

Magurudumu ya baiskeli, mota moja, paneli juu, kiti kimoja. Design ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mtu wa kuchomelea.

Vijana wa chuo kingine nao walikuwa na lao. Tukakubaliana kushindana kiangazi, Ifakara mpaka Idete. Kule ni tambarare na jua lipo. Dereva wetu Desderi. Akatangulia nyumbani kuikagua barabara.

(Enzi zile simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtu akisafiri, unasubiri mkutane.)

Nikafuata kwa treni, gari likiwa vipande vipande kwenye magunia. Stesheni ya Ifakara akanipokea baba mdogo wa Desderi, macho mekundu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mwenzio tumemzika jana. Malaria ilimpanda kichwani."

Nikakaa juu ya magunia. Sikulia. Niliuliza tu, "Desderi yupi?"

Idete tukakuta watu bado wako matangani. Nikampa mama yake pole, nikamwambia mashindano basi.

Akauliza, "Gari umekuja nalo?"

"Ndiyo mama, limo kwenye magunia."

"Liunge. Mwanangu alikosa usingizi kwa ajili yake. Na mimi nilione."

Wale wapinzani waliposikia, walikuja wenyewe kunisaidia kufunga bolti. Hakuna aliyetania.

Siku yenyewe ya mashindano niliendesha mimi. Kiti Desderi alikipima kwa miguu yake mirefu, ikabidi niweke gunia mgongoni ili nifikie breki.

Wapinzani wakanipita mapema. Mbele nikanasa mchangani, na wingu likatanda. Nikasukuma, nikasubiri jua, nikaendelea.

Nilifika wa mwisho. Walioshinda walikuwa wamesimama kando ya barabara pamoja na wafiwa. Hakuna aliyeshangilia.

Mama akaweka kiganja kwenye paneli. "Nipakie."

Akaketi na kitenge chake cha msiba. Nikawasha swichi, nikashika usukani kutoka pembeni, nikawa natembea naye taratibu. Gari halina mlio, tunasikia mchanga tu chini ya magurudumu.

"Linakwenda?" akauliza.

"Linakwenda, mama."

Hapo ndipo akalia. Dada yake Desderi aliniambia baadaye kwamba hata kaburini mama hakuwa ametoa chozi.

"Alikuwa ananiambia litatembea kwa jua," akasema, "mimi namcheka. Kumbe kweli."

Nilichojifunza wakuu: mwenzenu akifariki, msiifiche kazi yake mkidhani mnamhurumia mzazi. Mwonyesheni, hata kama haijakamilika.

Kama kuna aliyewahi kumalizia kazi ya marehemu, aandike hapa chini. Nitasoma yote.