Magoti ya Fundi wa Masikio

Kambini Kalahari mama huyo, Mma kwa Kitswana, walimwita fundi wa masikio, maana ndiye aliyechomeka mchangani vile vipokezi vinavyosikia mtikisiko ukirudi kutoka chini kabisa, pale bara moja la kale liliposhonwa na jingine. Kila kipokezi alikikandamiza kwa kisigino, akakipapasa kama mtoto mwenye homa, kisha akageuka kumsimanga mtu. Alivaa ndala. Buti, alisema, humfanya mtu kiziwi. “Oteng, mwanangu, simama kama mti! Tembo mjamzito ana adabu kuliko wewe.” Lori la mtambo likitikisa ardhi kwa sekunde thelathini ili vipokezi visikie mwangwi wake, hatua moja tu ya mtu huharibu rekodi.

Siku hiyo ilibaki rekodi moja, juu ya mshono wenyewe, na kibali cha mwenye malisho kiliisha adhuhuri. Zilibaki dakika tatu. Lori likaanza kunguruma. Oteng, mshika redio, akamwona kifutu, nyoka mwenye sumu ya kuua, akitambaa kuelekea zile ndala. Akafumbua mdomo. Fundi akamkata jicho: thubutu! Nyoka akapita juu ya vidole vyake taratibu, kama mwenye nyumba. Kilichosogea ni ngumi yake tu, ikikunja sketi.

Lori likanyamaza. Nyoka akaishia kichakani.

“Uliza. Imetoka safi?”

Oteng akauliza redioni. “Safi, Mma.”

“Apa!”

“Haki ya Mungu, Mma.”

Ndipo akaketi mchangani, akayatazama magoti yake.

“Haya,” akayaambia, “sasa tikisikeni.”